Nesi wa Kwenye Skrini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uuguzi Mtandao Hospitalini

Nimefanya unesi Marekani kwa miaka 11. Saba ya mwanzo nilikuwa wodini, kwenye wodi ya wagonjwa wa kawaida na wa upasuaji. Minne iliyofuata nimekuwa nesi wa kwenye skrini. Maswali ya hapa ndiyo ninayoulizwa kila wiki na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, na watoto wao wanaopiga simu kutoka majimbo ya mbali, na manesi wenzangu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaotaka kujua kama kazi hii inawapunguzia mzigo au inawatafutia mbadala. Majibu yanahusu hospitali za Marekani, kwa kuwa huko ndiko uuguzi huu ulikokomaa na ndiko ninakoujua. Swali la mwisho linahusu nyumbani.

## Mambo ya msingi

1. Uuguzi mtandao ni nini?

Ni kazi ya unesi inayofanywa na nesi mwenye leseni ambaye hayupo wodini. Amekaa ofisini, pengine ghorofa ya chini ya hospitali hiyohiyo, pengine mji mwingine kabisa, na anaingia chumbani kwa mgonjwa kupitia kamera na skrini. Skrini yenyewe inaweza kuwa televisheni ya ukutani iliyofungwa kamera, au tableti juu ya kitoroli kinachosukumwa kutoka chumba hadi chumba. Mnaonana na kusikizana. Wakati huohuo nesi huyo amefungua faili lako kwenye kompyuta, anaona vipimo, dawa na maelezo ya daktari kama anavyoyaona nesi wa wodini.

Mgonjwa bado ana nesi wake wa wodini. Huyu wa skrini ni wa kuongezea. Shika hilo, maana majibu mengi yanayofuata yanalitegemea.

2. Huyo ninayemwona ni mtu kweli?

Ndiyo, ni mtu. Wazee huuliza sana, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu siku hizi kuna programu zinazozungumza kama binadamu. Nesi mtandao anatakiwa ajitaje jina, aseme kwamba ni muuguzi, na aeleze yuko wapi. Asipofanya hivyo, muulize. Akili unde inatumika kwenye baadhi ya kamera, lakini kwa kazi nyingine; tazama swali la 6.

3. Ni kitu kimoja na tiba mtandao?

Ni ndugu. Tiba mtandao kama watu wengi wanavyoijua ni ile ya wewe kukaa nyumbani na kuzungumza na daktari kwa simu au kompyuta. Katika uuguzi mtandao ninaouzungumzia hapa, mgonjwa amelazwa, yuko kitandani hospitalini, na aliye mbali ni nesi.

4. Ulianza lini, na kwa nini umeenea sasa?

Ulianzia kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Madaktari wawili wa hospitali ya Johns Hopkins walianzisha kampuni ya VISICU mwaka 1998, na mwaka 2000 hospitali za Sentara kule Norfolk, Virginia, zikawa za kwanza kuwa na kituo ambako madaktari na manesi wa wagonjwa mahututi waliangalia vitanda vya mbali usiku kucha. Mwaka 2015 shirika la Mercy likafungua jengo zima huko Chesterfield, Missouri, kwa dola milioni 54, likaitwa hospitali isiyo na vitanda. Ndani yake kuna madaktari na manesi. Wagonjwa wako kwingine.

Wodi za kawaida ziliingia kwa nguvu baada ya Covid. Mwaka 2020 tulijifunza kuzungumza na mgonjwa aliyetengwa kwa tableti, ili tusivae na kuvua gauni, barakoa na glavu kila anapotaka kuuliza neno moja. Kisha manesi wakaanza kuondoka. Kwa hesabu ya baraza la kitaifa la bodi za uuguzi la Marekani, manesi wapatao 100,000 waliacha kazi katika miaka ya janga lile. Wengi wao walikuwa wazoefu, wale ambao nesi mpya akikwama anawageukia. Hospitali zikatazama zikaona kwamba nesi mwenye miaka 25 kazini, mgongo umechoka, magoti hayawezi tena zamu ya saa 12, bado ana kichwa na macho vinavyohitajika. Hapo ndipo skrini ikapata mwenyewe.

## Kwa mgonjwa na familia

5. Kamera inaniona muda wote?

Kamera ya nesi mtandao haitakiwi kukuona muda wote. Anatakiwa kupiga hodi. Kunalia kengele ndogo, au sauti inasema kuna mtu anaomba kuingia, kisha ndipo kamera inageuka kukutazama. Mahali ninapofanya kazi kamera ikiwa haitumiki inaangalia ukuta, na mgonjwa anaona kwa macho yake kwamba imempa kisogo. Ukiwa unaoga au unabadilishwa nguo, sema "subiri", na nesi atasubiri kama angesubiri mlangoni.

Kuhusu kurekodi, video hizi kwa kawaida ni za kutazama tu, hazihifadhiwi. Taarifa zako zinalindwa na sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, ileile inayolinda faili lako la karatasi. Hata hivyo uliza siku unayolazwa: "Hii inarekodiwa?" Ni swali la heshima na hakuna anayepaswa kukukasirikia.

6. Ndugu yangu ana kamera inayomwangalia usiku kucha. Mbona umesema haiwi hivyo?

Hiyo ni huduma nyingine. Ni ya mlinzi wa mbali, na inawekewa mgonjwa aliye katika hatari ya kuanguka, kung'oa mipira ya dripu, au kutoka kitandani akiwa amechanganyikiwa. Anayetazama mara nyingi ni msaidizi aliyefunzwa, wala si nesi, na anatazama vyumba kadhaa kwa pamoja kwenye skrini moja. Akiona mguu umeshuka ukingoni mwa kitanda anazungumza kupitia spika: "Mzee, tafadhali kaa, nesi anakuja," na papo hapo anawapigia walioko wodini. Baadhi ya hospitali zimeongeza programu ya akili unde inayotambua mgonjwa anapoanza kuinuka, kabla jicho la mtu halijaona.

Mwambieni mgonjwa mapema. Mzee aliyeamka saa tisa usiku na kusikia sauti ya mtu asiyemwona ikitoka ukutani anaweza kupata hofu kubwa kuliko ya kuanguka. Mtu wa familia akimweleza kwa lugha yake kabla ya kulala, mara nyingi analala vizuri.

7. Naweza kukataa?

Ndiyo. Mwambie nesi wako wa wodini hutaki, na kazi ileile itafanywa na mtu aliyesimama mbele yako. Pengine utasubiri zaidi. Mlinzi wa mbali wa swali la 6 ni tofauti kidogo: ukimkataa, hospitali inaweza kuomba ndugu akae na mgonjwa au ikaweka mtu wa kukaa chumbani, kwa sababu hatari ya kuanguka haiondoki kwa kukataa kamera.

8. Nitatozwa pesa ya ziada?

Kwa kawaida hapana. Katika hospitali za Marekani kazi ya nesi haiandikwi peke yake kwenye bili. Imo ndani ya gharama ya chumba. Ukiona mstari usiouelewa, omba bili yenye mchanganuo kamili.

9. Kiingereza changu si kizuri. Nitaelewanaje na mtu aliye kwenye skrini?

Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani, na karibu zote zinapokea, inawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Kwenye skrini ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: mkalimani anaunganishwa, mnakuwa watatu. Usikubali mtoto wa miaka 12 afanywe mkalimani wa maelezo ya dawa za bibi yake.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wasiojua Kiswahili hawayaoni, na nayasema kwa sababu nimeyakuta kitandani.

La kwanza ni saa. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na insulini, mara mbili kwa siku. Karatasi ilisema saa 8 asubuhi na saa 8 usiku kwa saa ya Kizungu. Maelezo yalikuwa yameshatolewa kwa haraka wodini kupitia mkalimani wa simu, na karatasi ilikuwa imesainiwa. Nilipoingia nilimwamkia shikamoo, tukazungumza kidogo habari za wajukuu, kisha nikamwomba anieleze yeye mwenyewe atajidunga lini. Akajibu vizuri kabisa, kwa uhakika: "Saa nane mchana nikishaamka kupumzika, na saa nane usiku." Alikuwa ameambiwa nane, akasikia nane. Alichotakiwa kuambiwa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Tangu siku hiyo sitaji saa peke yake. Nasema "kabla ya chai ya asubuhi" na "kabla ya chakula cha usiku", kisha nachora jua na mwezi kwenye karatasi na kuinua mbele ya kamera.

La pili ni lugha yenyewe. Faili linasema "Kiswahili" kwa sababu ndiyo lugha iliyoandikwa kwenye kambi ya wakimbizi. Mgonjwa wa Kibanyamulenge anaweza kuwa na Kiswahili cha sokoni huku maumivu akiyaeleza kwa Kinyamulenge. Mzee wa Kibantu kutoka Somalia anaweza kuwa anazungumza Kizigua. Hata Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa hakikutani kila mahali. Familia, semeni lugha halisi ya mgonjwa siku ya kwanza. Manesi, ulizeni: "Nyumbani mnazungumza lugha gani?"

10. Nikipata shida ghafla nimwite nani?

Bonyeza kitufe cha kumwita nesi kitandani. Usisubiri skrini iwake. Nesi mtandao hawezi kukufikia kwa mikono.

11. Naishi jimbo jingine. Naweza kuwepo mama anapopewa maelezo ya kuruhusiwa?

Mgonjwa akiridhia, unaweza kuunganishwa kwa simu au video, ukasikia maelezo yote na kuuliza. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye huduma hii. Familia zetu zimetawanyika: mama yuko Louisville, binti yuko Dallas, na anayejua mama anakunywa dawa gani za mitishamba ni binti wa Dallas. Ombeni mapema, asubuhi ya siku ya kutoka, na mjue kwamba ruhusa ni ya mgonjwa wala si ya mtoto mkubwa.

## Kwa manesi wa wodini

12. Nesi mtandao anabeba kazi gani, na zipi hawezi?

Anabeba kazi za kuuliza, kueleza, kuandika na kulinganisha. Anachukua historia ya mgonjwa anapolazwa, analinganisha dawa za nyumbani na zilizoandikwa hospitalini, anatoa elimu ya ugonjwa na maelezo ya kuruhusiwa, anafuatilia vipimo vilivyobadilika, anawapigia familia, na anakuwa jicho la pili kwenye dawa za hatari.

Hawezi kugeuza mgonjwa, kumsafisha, kuweka kanula (kibomba cha dripu mshipani), kusikiliza mapafu kwa masikio yake mwenyewe, wala kunusa kidonda. Baadhi ya vitoroli vina stethoskopu ya kidijitali, lakini bado inahitaji mkono wa kuishika kifuani.

Na kamera haioni chini ya blanketi. Niliwahi kumuuliza mgonjwa wa moyo, siku ya kuruhusiwa, kama miguu inavimba. Akasema hapana. Aliongea vizuri, uso mkavu, pumzi shwari, nikaandika hapana. Nesi wa wodini alipokuja kumtoa kanula alifunua blanketi, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Mzee yule hakutoka siku ile. Sasa simalizi maelezo ya mgonjwa wa moyo kabla sijaomba blanketi lifunuliwe, na kabla sijamuuliza nesi aliyemgusa.

13. Kwa nini hospitali nyingi zinaanza na kulazwa na kuruhusiwa?

Kwa sababu huko ndiko muda wa nesi unakoliwa. Maswali ya kulaza mgonjwa ni mengi: mzio, dawa, upasuaji wa zamani, anaishi na nani, kuna ngazi nyumbani, ameanguka mwaka huu. Nesi wa wodini anayajaza huku kengele tatu zinalia. Mgonjwa anaona mtu anayetazama mlango, naye anajibu kwa mkato.

Kuruhusiwa ni vivyo hivyo, na kuna pesa ndani yake. Tangu Oktoba 2012 Medicare, bima ya afya ya serikali inayohudumia hasa wazee, inapunguza malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wake wa magonjwa fulani, moyo kushindwa kufanya kazi ikiwamo, wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Kwa hiyo nusu saa ya kumweleza mgonjwa ajipime uzito kila asubuhi na apige simu ukipanda ina faida kwa mgonjwa na kwa hospitali pia. Mimi nina hiyo nusu saa. Nilipokuwa wodini sikuwa nayo hata siku moja.

14. Sahihi ya pili inafanyikaje kwa kamera?

Sahihi ya pili ni nesi mwingine kuthibitisha dawa ya hatari kabla haijatolewa. Kwa insulini, nesi wa wodini anaita, anasogeza chupa na sindano karibu na kamera, nami naikuza picha hadi nisome jina, kipimo na mstari wa bomba. Kisha naangalia agizo la daktari kwenye faili na bangili ya mgonjwa. Kwa dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naangalia pia namba zilizoingizwa kwenye pampu. Kabla ya hapo nesi alikuwa anatoka chumbani kumtafuta mwenzake korido nzima.

Nina ombi moja: usiniite ukiwa umeshadunga ili nithibitishe tu. Hospitali ikikubali jambo hilo hata mara moja, jicho la pili limekufa. Jicho hilohilo linaweza kutumika kukagua ngozi ya mgonjwa mpya, kutafuta vidonda vya kulalia, mradi kuna wa kumgeuza, pazia limevutwa na mgonjwa ameridhia. Kwa damu, mahali nilipofanya kazi tulibaki na watu wawili kando ya kitanda, nami nakubaliana na hilo.

15. Anamsaidiaje nesi mpya?

Nesi aliyemaliza chuo juzi akiwa zamu ya usiku na wagonjwa sita anaogopa kumwamsha daktari kwa jambo dogo, na anaogopa zaidi kunyamaza. Akinipigia tunatazama pamoja: pumzi ilikuwa 18, sasa 26, presha inashuka, mkojo umepungua. Namwambia piga simu sasa, na anza hivi unapozungumza. Nabaki kwenye skrini akipiga. Hakuna mtu anayemsikia akiulizwa maswali magumu isipokuwa mimi, na kesho yake anapiga mwenyewe.

16. Mbona kwetu skrini imeongeza kazi?

Hauko peke yako. Utafiti uliochapishwa Desemba 2024 uliowahoji manesi wa hospitali wapatao 880 katika majimbo 10 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu hawakuona mzigo wao ukipungua, na wachache walisema umeongezeka.

Nimeona sababu zake. Vitoroli viwili kwa wodi yenye vitanda 30, kimoja betri imekwisha. Nesi anakwenda kukitafuta, anakisukuma, anakipanga, anamwamsha mgonjwa, anasubiri kiunganishwe. Angekuwa ameshamaliza mwenyewe. Au nesi wa skrini anauliza maswali yote, kisha anamwandikia wa wodini orodha ya mambo kumi ya kufuatilia. Au manesi wa pande zote mbili hawajawahi kuonana, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye amempigia mfamasia.

Panapofanya kazi, mara nyingi utakuta skrini imefungwa ukutani katika kila chumba, majukumu yameandikwa nani anafanya nini, na manesi wa wodini ndio waliochagua kazi gani ipelekwe kwenye skrini kwanza. Ningeshauri pia kila nesi wa skrini arudi wodini zamu moja kila mwezi.

17. Je, watatupunguza kwa sababu yupo nesi wa skrini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, kwenye maegesho ya magari, na ndilo linalonifanya niandike yote haya.

Hatari ipo. Karatasi ya ratiba haioni tofauti kati ya nesi aliye chumbani na nesi aliye kwenye kioo, na mtu anayetafuta kupunguza gharama anaweza kuwahesabu sawa. California ina kinga: sheria yake ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2004, inataka nesi mmoja asizidi wagonjwa 5 kwenye wodi ya kawaida na 2 kwa wagonjwa mahututi, na anayehesabiwa ni yule anayemhudumia mgonjwa moja kwa moja. Majimbo mengi hayana idadi kama hiyo kisheria kwa wodi za kawaida.

Msimamo wangu ni huu, na nimeusema kwenye vikao mbele ya wakubwa wangu: nesi wa skrini asihesabiwe kamwe kwenye idadi ya manesi wa wodi. Akihesabiwa, kila dakika niliyomwokolea nesi wa wodini inageuzwa kuwa mgonjwa mmoja zaidi juu ya mgongo wake, na yule mzee wa swali la 12 anarudi nyumbani na miguu iliyovimba kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kufunua blanketi. Hospitali yako ikileta huduma hii, ombeni liandikwe: uwiano wa wagonjwa kwa nesi hautabadilika. Ombeni kwa maandishi, kabla kamera hazijafungwa.

18. Ananichunguza na kunishtaki?

Yule wa skrini ni mwenzako, na kazi yake haihusiani na nidhamu. Hata hivyo, uaminifu hauji kwa tangazo. Sheria ya hodi ya swali la 5 inatumika kwa nesi pia: nisiingie chumbani kimyakimya wewe ukiwa kazini. Nikiona kosa nakupigia wewe kwanza ili mgonjwa apone, kisha tunaripoti kwa utaratibu uleule wa siku zote.

## Kwa wanaotaka kuifanya kazi hii

19. Sifa zake ni zipi?

Leseni ya muuguzi kamili, na uzoefu wa wodini. Matangazo mengi yanataka miaka kadhaa kando ya kitanda, na naona ni haki. Huwezi kuona kwa kamera jambo ambalo hujawahi kuliona kwa macho. Wanaofanya kazi ya si-en-ei (CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti), na najua ndiyo mlango wengi wetu tuliopitia, wanaweza kuanzia kwa mlinzi wa mbali wa swali la 6 huku wakiendelea na masomo.

20. Leseni inatakiwa ya jimbo lipi?

La mahali alipo mgonjwa. Ukikaa Texas na mgonjwa yuko Missouri, lazima uruhusiwe kufanya kazi Missouri. Majimbo zaidi ya 40 yamo kwenye mkataba wa leseni ya pamoja wa wauguzi, kwa hiyo leseni moja yenye hadhi hiyo inatosha kati yao. California na New York hazimo. Kwa huko unahitaji leseni yao wenyewe.

21. Naweza kuifanya nikiwa Nairobi au Dar es Salaam?

Kwa kazi hii ya hospitali za Marekani, usitegemee. Unahitaji leseni ya jimbo, ambayo inapatikana baada ya vyeti vyako kukaguliwa na kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, na kwa sababu ya ulinzi wa taarifa za wagonjwa hospitali hutaka mfanyakazi awe ndani ya nchi. Ukiona tangazo linalokuahidi kazi ya nesi mtandao ukiwa nyumbani bila leseni, na linaomba ada ya usajili kwanza, usilipe.

22. Ni kazi nyepesi?

Kwa mgongo, ndiyo. Macho yanachoka, na kuna upweke ambao sikuutegemea. Mgonjwa akilia, wodini ningemshika mkono. Huku nanyamaza naye, kisha namwomba nesi wake apite.

## Mambo yanapokwenda kombo

23. Intaneti ikikatika katikati ya mazungumzo?

Nesi mtandao anapiga simu ya wodini mara moja na kusema amefikia wapi. Kilichokuwa hakijaisha kinahesabiwa hakijafanyika, hasa sahihi ya pili: picha ikiganda kabla sijasema "sawa", dawa haitolewi.

24. Mgonjwa akizidiwa mbele ya kamera?

Naita timu ya dharura kutoka nilipo, natangaza namba ya chumba, na sikati. Wakifika mikono yao yote ina kazi, kwa hiyo mimi naandika muda: kifua kimeanza kukandamizwa lini, dawa ya kwanza lini, presha ngapi. Nasoma mzio na vipimo vya mwisho kwa sauti. Naangalia pia kama mgonjwa aliandika kwamba asifufuliwe, na nalisema hilo mapema na wazi.

25. Kosa likitokea, nani anawajibika?

Kila nesi anawajibika kwa alichokifanya na kukiandika kwa leseni yake. Ukisaini kwa skrini umesaini kweli. Ndiyo maana majukumu yaliyoandikwa, niliyoyataja kwenye swali la 16, ni ya lazima.

26. Jambo hili linaweza kufanya kazi kwetu Afrika Mashariki?

Kamera kila kitanda, sioni leo. Wodi ambayo wagonjwa wawili wanashiriki kitanda inahitaji nesi wa pili aliye na miguu pale, kabla ya wa kwenye kioo. Lakini wazo la kumpa aliye peke yake mtu wa kumuuliza tayari lipo kwetu, na linapita kwenye simu. Tanzania ina mfumo wa m-mama, ulioanza Kanda ya Ziwa na kutangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022: mama mwenye dharura ya uzazi, au zahanati yenyewe, inapiga 115 bila malipo, na anayepokea anafuata maswali yaliyopangwa kuamua aende kituo gani na kwa gari lipi, la wagonjwa au la dereva wa jamii. Kenya kuna huduma ya simu iitwayo PROMPTS, ambako mjamzito anatuma ujumbe mfupi na maswali ya hatari yanapelekwa kwa mtu aliyesomea afya.

Ningependa kuona hatua inayofuata iwe ya nesi kwa nesi: muuguzi wa zahanati, saa nane za usiku, ana mama anayevuja damu, anapiga namba moja na kumpata mkunga mzoefu wa hospitali ya mkoa anayebaki kwenye laini hadi gari lifike. Wastaafu wenye vichwa vilivyojaa wako Morogoro, Kisumu, Kigoma. Zinazohitajika ni simu iliyochajiwa, zamu inayolipwa, na mabaraza ya uuguzi kuandika nani anawajibika kwa ushauri uliotolewa kwa sauti.